Kaza Mpaka Ilie

Mtu akikuuzia pikipiki atakuonyesha tangi linavyong'aa, atapiga honi mpaka kuku wakimbie, atawasha taa saa sita mchana ili uamini kwamba zinawaka. Hakuna anayekuambia: baba, hebu chuchumaa hapa mbele ya injini, tazama hivi vyuma viwili vilivyoshika shingo ya ekzosi, hivi ndivyo vitakavyokutoa jasho. Angesema hivyo angemuuzia nani?

Vyuma vyenyewe vinaitwa stadi. Ncha moja ya stadi imezama kwa hesi zake kwenye hedi ya injini, ambayo ni alumini, na ncha ya pili imetokeza nje kusubiri nati. Kwenye pikipiki yangu ya cc 125 ziko mbili, unene wa milimita 6, na nati zake ni za spana namba 10. Kalamu ya risasi ni nene kuliko stadi hiyo. Naitaja milimita 6 mapema kwa sababu huko mbele utasikia habari za bomba la maji, mashine ya kuchomelea, guta na pantoni, na nataka ukumbuke kwamba zogo lote lile lilikuwa la milimita 6.

Ila tuzitendee haki nazo. Zimepangiwa kazi mahali ambapo mimi nisingekubali hata kwa posho. Upande wa ndani unapita moshi wenye joto la mamia ya nyuzi. Upande wa nje ziko mbele kabisa, zinatazamana na tairi la mbele, na kila dimbwi la mtaani kwetu hapo ndipo linapomalizia safari. Injini inachemka, inapoa, inachemka tena, na mvua ya masika inaipiga ikiwa moto. Isitoshe, mimi nakaa Kigamboni. Upepo wa bahari huku unakula mabati, unakula nondo za nyumba ambazo hazijakwisha, unakula kufuli la geti mpaka ulivunje kwa jiwe. Sasa chuma cha milimita 6 kitajificha wapi?

Hapo sijamtaja shemeji. Shemeji yangu anauza samaki, na kwa kuwa dada yake ndiye anayepika ninachokula, pikipiki yangu alfajiri ni ya kwake. Anaivusha kwa pantoni mpaka Feri, anajaza ndoo, anaipachika mbele, kati ya magoti na tangi, anarudi. Ndoo inavuja, kila siku inavuja, na kila siku ananiambia ni maji ya barafu tu. Maji ya barafu gani hayo yanaacha chumvi nyeupe kwenye mapezi ya injini? Nikiichukua saa mbili kwenda kazini, nikisimama kwenye taa injini ikapata moto, watu wa kwenye daladala wanageuka kutafuta nani anakaanga changu.

Halafu vijana wa kuosha. Unafika injini inawaka moto, hujashusha hata mguu, kijana keshafungulia mpira, maji yanapiga ekzosi, mvuke unapanda, naye anatabasamu. "Inatakata, bosi." Inatakata, ndiyo, huku chuma kimeshtuka na maji yamenyonywa hadi kwenye kila upenyo wa hesi. Wakimaliza wanaipaka mafuta kwenye tairi ili ing'ae. Stadi hazipakwi kitu.

Kinachoendelea humo ndani baada ya hapo hakionekani kwa macho, na ndiyo maana watu hawakiamini. Chuma na alumini vikigusana penye maji ya chumvi vinakuwa betri ndogo. Alumini inaliwa polepole na kugeuka unga mweupe, unga unajaa kwenye hesi na kushindilia stadi isigeuke. Upande wa nati, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo nati inazidi kubana bila mtu kuigusa. Miaka inapita, pikipiki inabeba abiria, samaki, mifuko ya saruji, hakuna anayejua kwamba pale mbele kuna ndoa ambayo haitavunjika kwa maneno.

Basi gasketi ikaungua. Gasketi ya ekzosi ni pete tu, inabanwa kati ya bomba na hedi, na bei yake haifiki ya chipsi mayai. Ikishaungua, moshi unachomokea pembeni na pikipiki inalia kama trekta la kijiji. Ukiachia mafuta ghafla inapiga risasi. Mama watoto akaniambia nisijisumbue tena kupiga simu kwamba niko njiani, kwani nikifika kwenye kona ya shule yeye anabandika sufuria. Jirani yangu, mtu mstaarabu sana, akanisubiri getini, akanipa shikamoo ambayo si kawaida yake, kisha akauliza kwa upole kama nina mpango wa kwenda kwa fundi au nimeshaizoea.

Nikaenda kwa fundi.

Fundi wetu wa mtaani ana gereji chini ya mkungu: boksi la spana, kigoda, na benchi la watu wasio na pikipiki. Kijana mwepesi wa mikono, na wa ahadi ni mwepesi zaidi. "Mzee, hiyo kazi ya dakika tano. Kaa hapo upate kahawa." Kwa niliyoyaona duniani, fundi akikwambia dakika tano, mpigie bosi wako uombe ruhusa ya kutwa.

Nati ya kwanza ilifunguka kwa manung'uniko mengi. Ya pili ikagoma. Sasa, nati ikigoma kuna mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kuiacha: unaipaka mafuta ya kupenya, unaenda kula, unarudi, unaijaribu kidogo mbele kidogo nyuma, unaipaka tena. La pili ni kuikasirikia. Fundi akainuka, akaingia nyuma ya mkungu, akarudi na kipande cha bomba la maji la chuma lenye urefu wa mkono mzima. Akalivisha kwenye mkia wa spana.

Wasomaji wasioshika spana, hapa nisubirini nieleze. Nati ya ukubwa ule inatosheka na mkazo wa nyutonimita 10 hivi. Kwa lugha ya mkono, shika spana ya sentimita 15, ivute kwa uzito wa kilo 7, basi, imekaza, nawa mikono. Spana namba 10 inatengenezwa fupi makusudi ili mkono wa binadamu usipate nafasi ya kufanya uovu. Ukiirefusha kwa bomba, nguvu ileile ya mkono inazaa mkazo mara nne, mara tano, na chuma cha milimita 6 hakijaumbiwa mizaha hiyo. Nikasema, "Fundi, hiyo haitakatika?" Akasema, "Haiwezi."

Sauti yenyewe ni ndogo mno. Watu hudhani chuma kikikatika kinapiga kishindo. Ilisema "tik", spana ikawa nyepesi ghafla, na fundi akatamka, "Eee, imefunguka," kwa sauti ya mtu anayejua vizuri kabisa kwamba haijafunguka. Benchi zima likainuka. Mmoja akasema pole. Fundi akaitazama nati iliyobaki kwenye spana, ndani yake kuna kipande cha stadi kimetulia, akanigeukia na kusema, "Mzee, hii ilikuwa imechoka yenyewe."

Kinachoniudhi ni kwamba alikuwa anasema kweli, ingawa kwa bahati. Nilikichukua kile kipande nikakigeuza juani. Mahali kilipokatika, ukingo wote ulikuwa wa kahawia iliyokolea, kutu ya zamani, na katikati tu palikuwa na doa linalong'aa, upana labda milimita 2. Maana yake stadi ilianza kupasuka zamani, maji yakaingia kwenye ufa, kutu ikaota, na kwa muda wote ule nilipokuwa napanda mlima na kubeba watu, ekzosi yangu ilikuwa imeshikiliwa na lile doa. Bomba la fundi lilimalizia tu.

Aliyeanza hayupo kijiweni. Ni fundi fulani wa nyuma, labda wa mmiliki wa kwanza, aliyewahi kufungua ekzosi hiyo na kuirudisha kavu, bila tone la grisi, kisha akakaza kwa ile kanuni yao wanayofundishana tangu siku ya kwanza ya kushika tambara: kaza mpaka ilie. Na waliohitimu wanaongeza: ikilia, ongeza kidogo inyamaze. Alilipwa, akanunua maandazi, akasahau. Ndiyo raha ya kukaza. Aibu yake inamwangukia anayekuja kufungua, na huyo wanamwita mharibifu.

Sasa tuje kwa madaktari. Sijui kwa nini mtu akiumwa malaria watu wanamwambia nenda hospitali, lakini stadi ikikatika kila aliyepo ana dawa. Wa kwanza alileta mafuta ya taa kwenye kizibo. Wa pili akasema mafuta ya taa ni ya wakulima, lete mafuta ya breki. Yakaletwa, yakamwagwa, na kweli yalifanya kazi: yalibandua rangi ya fremu vizuri sana. Stadi haikutikisika. Wa tatu akaagiza soda nyeusi ya kola kwa hela yangu, akieleza kwamba ina asidi ya fosforiki na inakula kutu. Hilo si uongo, ila linataka subira ya muda mrefu kuliko aliyokuwa nayo, maana alimwagia kidogo na nyingine yote akanywa akiwa anatazama matokeo.

Akaja kijana na kopo la WD-40, akalishika juu kwa heshima. Hilo kopo lina sifa nyingi ambazo halikuziomba. Lilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kufukuza maji ili makombora ya Atlas yasishike kutu kwenye ngozi. Jaribio la 40 ndilo lililokubali, na 40 ya kwenye jina inatoka hapo. Kufukuza maji na kufungua nati iliyooana na chuma mwenzake ni mambo mawili. Mafuta maalumu ya kupenya yapo, na hata hayo yanataka kulala. Lakini pale kijiweni utaratibu wa dawa zote ni mmoja: unapuliza kwa mkono wa kushoto, na wa kulia keshavisha spana.

Jua likawa linashuka, stadi imebakiza kisiki cha milimita tatu nne nje ya hedi, na fundi akapata wazo. "Tunaitoboa." Akachomoa drili ya mkono, ile ya umeme, yenye waya uliofungwa kwa plastiki nyeusi sehemu tatu.

Hapo nikasimama. Mimi si fundi, lakini nimeona hedi zilizotobolewa kwa mkono. Kisiki ni chuma kigumu na pembeni yake kuna alumini laini. Ncha ya drili ina hulka ya binadamu, inakwepa pagumu na kwenda palaini. Unadhani unatoboa stadi kumbe unachimba kisima cha pili pembeni yake, na ukija kushtuka tundu limekuwa yai. Baada ya hapo ni kupanua, kuweka hesi za milimita 8 au kuingiza koili ya waya ya kutengenezea hesi mpya, na hiyo ni bei nyingine na fundi mwingine. Halafu alikuwa na mpango wa pili baada ya wa kwanza: kwenye tundu lile angechomeka kile chuma cha kung'olea chenye hesi za kushoto, kilichochongoka, ambacho ukikizungusha kinyumenyume kinang'ata stadi kutoka ndani. Kwenye picha ya boksi kinapendeza. Shida ni kwamba ni chuma kigumu kisichojua kupinda. Kikikatikia mle ndani, drili ya kawaida inateleza juu yake inaimba tu, na dawa iliyobaki ni mashine inayokula chuma kwa cheche za umeme. Mimi nilikuja na gasketi mfukoni.

"Fundi," nikasema, "weka chini." Akaweka, amenuna. Benchi likanuna pamoja naye, hasa yule wa kola.

Kesho yake nikakodi guta. Pikipiki yenye magurudumu matatu imebeba pikipiki yenye mawili, na mimi nimekaa juu nimeshika usukani wa gari lisilokwenda popote. Ndani ya pantoni watu walikuwa na maswali. Mama mmoja mwenye beseni akauliza, "Baba, imefariki?" Nikasema imeumia. Akasema, "Mungu atasaidia," kisha akamweleza mwenzake kwamba hawa wanaume wakinunua pikipiki hela ya ada ndiyo basi tena. Nilimsikia. Nilisimama sentimita chache kutoka kwake, ningeacha kumsikia vipi?

Gerezani, pembeni ya Kariakoo, kuna watu wamezaliwa wakakuta nyundo zinagonga. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa kuchomelea, kibanda chake cha mabati, redio ya betri, miwani ya kuchomelea ameiweka juu ya kofia ya kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imekatika ya ekzosi?"

Hakuwa ameinuka hata kuangalia. Akataja bei. Nikataja yangu. Akarudi kwenye gazeti lake. Nikataja yake.

Nataka mniruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu kazi niliyoiona pale ni nadra. Kitu cha kwanza alichofanya yule mzee ni kutokukishika kisiki. Alitoa tangi la mafuta, akampa kijana wake alipeleke mbali, akamfukuza na mvuta sigara mmoja aliyekuwa anachungulia. Akachomoa waya za betri, akachomoa na soketi ya sidiai, kile kisanduku cha kuamuru cheche za plagi, maana umeme wa kuchomelea ukipita njia isiyo yake unaiua, na sidiai si bei ya gasketi. Kisha akachukua brashi ya waya akasugua kisiki, polepole, mpaka kikawa cheupe. Akakitazama. Akasugua tena.

Akatafuta kwenye kopo nati kubwa kidogo, ya stadi ya milimita 8, akaivisha juu ya kisiki huku chini yake ameweka washa. Akashusha miwani. Kijiti cha kuchomelea, chembamba, cha milimita 2.5, akakiingiza katikati ya nati na kujaza chuma kuanzia ndani kuja juu. Mwanga ule, nikageuka. Ubora wa njia hiyo ni kwamba chuma cha kijiti kinashikana na stadi na nati, ila alumini hakiitaki, hakishikani nayo. Na moto wenyewe ni nusu ya dawa: kisiki kinavimba kwa joto, kinalazimisha nafasi, unga mweupe na kutu vinapasukapasuka, kisha kikianza kupoa kinanywea kidogo.

Nikadhani sasa atashika spana. Mzee akavua glavu, akamimina chai.

"Mzee, haipoi?"

"Acha ipoe."

Ikatoka kwenye weupe, ikawa rangi ya chungwa, ikawa nyeusi. Hapo ndipo alipochukua kipande cha mshumaa, nikajua kwamba ni mkazi wa mji huu ambao mshumaa haukosi nyumbani, akaugusisha kwenye shina la kisiki. Nta ikayeyuka, ikatambaa kuzunguka hesi, ikazama. Joto linaivuta ndani zaidi kuliko mafuta ya kopo yanavyofika. Akavisha spana, namba 13 sasa, bila bomba, bila kuinuka kwenye kigoda. Akasukuma kidogo. Hakuna. Akasukuma zaidi kidogo, na nati yake ikang'oka pale alipoichomelea.

Ningekuwa mimi ningetukana. Yeye alisema "Haya," akasugua upya, akatafuta nati nyingine, akaanza mwanzo kabisa, chai na yote.

Safari hiyo akaongeza moto wa gesi kwenye hedi yenyewe, pembeni ya kisiki. Nikauliza kwa nini. Akasema alumini inatanuka kuliko chuma. Na ndivyo: kwa joto lilelile inatanuka karibu mara mbili, kwa hiyo tundu linapanuka kuliko kilichomo. Lakini mkono wake haukutulia mahali pamoja hata kidogo, ulikuwa unazunguka tu, na macho hayatoki pale. Chuma kikikaribia hatari kinakuonya kwa kuwa chekundu. Alumini haina adabu hiyo, inayeyuka kwenye nyuzi 660 ikiwa na rangi yake ileile, na wewe bado unasubiri iwake. Kuna watu Gerezani, alinisimulia, waliosubiri iwake.

Akavisha spana. Akasukuma kwenda kukaza, si kufungua. Kidogo sana, unywele. Ikalia, kii. Akarudisha kwenda kufungua, unywele mwingine. Akaenda mbele, akarudi nyuma, akatia nta, akaenda, akarudi. Ule unga mweupe ukaanza kutoka pembeni ya stadi, mkavu, mwepesi, akaupuliza. Robo. Nusu. Kisha stadi ikaanza kuja yenyewe, mzee anaizungusha kwa vidole viwili vya glavu, akaninyooshea. Ilikuwa ya moto, nikaitupa chini, kijana wake akacheka.

Ningemlipa hata ile bei niliyokataa mwanzo, na ndiyo niliyomlipa. Kabla hajanipa ruhusa akachukua boliti ya zamani ya hesi zilezile, akaipasua mfereji kwa msumeno kutoka ncha hadi katikati, akaitia mafuta na kuiingiza tunduni kwa mkono, mbele na nyuma, ikitoka na uchafu kwenye mfereji. Tapu halisi anayo, alinionyesha. Alisema tapu ni ya kuchonga, na hizi hesi zilishachongwa, zilihitaji kusafishwa tu.

Nikavuka barabara kwenda Kariakoo kutafuta stadi. Kijana wa dukani akanipa boliti. Nikamwambia nataka stadi, akasema, "Baba, boliti ni ileile na ni rahisi zaidi, unafunga unafungua." Hiyo ndiyo shida yake, inafungwa na kufunguliwa. Stadi inaingia kwenye alumini mara moja na kukaa humo, na kila ukifungua ekzosi kinachosuguana ni nati na stadi, chuma kwa chuma, kikilika unabadilisha nati. Boliti kila ukiifungua inakwangua hesi za hedi, na hedi si kitu cha kubadilisha kwa hela ya mboga. Yote hayo nilimweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza mwenzake, "Zile stadi ziko wapi?" Zilikuwa nyuma yake. Nilinunua mbili, na nati za shaba ya njano, ambazo hazioani na chuma kwa kutu, na kijipakiti cha grisi ya shaba. Vyote kwa pamoja havikufikia nauli ya guta.

Kufunga nilirudi kwa fundi wangu wa mkungu, maana mtaani ni mtaani na kesho tairi itapasuka. Tukasalimiana kana kwamba hakuna lililotokea. Akaona kijipakiti.

"Mzee, grisi hapo inaungua yote."

Nikamwambia mafuta yanaungua, ila unga wa shaba unabaki kati ya hesi, na huo ndio tunaoununua.

"Sasa nati si italegea?"

"Ilegee siku nikitaka mimi."

Akapaka, kwa kunisitiri tu, kidogo, upande mmoja. Nikapaka mwenyewe upande wa pili. Akaweka gasketi, akainua bomba, akarudisha nati kwa vidole, akachukua spana namba 10. Akabana moja kidogo, nyingine kidogo, zikaenda sawa, hapo nikampa heshima yake. Kisha nikaona macho yake yanazunguka, nyuma ya mkungu, chini ya boksi. Lile bomba la maji nilikuwa nimelikalia.

"Inatosha hapo," nikasema.

"Mbona haijalia?"

"Isilie."

Benchi likaguna. Akawasha. Injini ikaunguruma kwa staha, moshi ukatoka nyuma panapostahili, na jirani yangu aliyekuwa anapita na mkate akainua mkono kwa furaha ya dhati kabisa. Fundi akafuta mikono kwenye tambara, akaizunguka pikipiki polepole, akachuchumaa nyuma, akakwangua kitu kwa ukucha.

"Mzee, hii ekseli ya nyuma, mara ya mwisho ilitolewa lini?"

Nikaingiza gia.